Sanduku la viatu na kadi 2,000: kutafuta kura ya konseye wa komini Lubumbashi, parseli kwa parseli

Mgombea anakodi gari lenye spika, anavalisha vijana mia mbili tisheti, anazunguka kutoka Katuba mpaka Kamalondo, anarudi jioni sauti imekauka. Muulize majina kumi ya watu watakaompigia kura: hana. Nusu ya waliompungia mkono hawakuandikishwa hata kwenye komini yake. Kura ya konseye, yaani diwani wa komini, ni ndogo mno kutafutwa kwa spika. Inatafutwa kwa miguu, inaandikwa kwenye kadi, na kadi zinakaa ndani ya sanduku la viatu.

Njia tunayoeleza hapa ilitumika katika miji ya Marekani miaka ya 1940 na 1950, wakati televisheni ilikuwa bado haijameza kampeni. Kule eneo la kura liligawanywa vipande vidogo, na kila kipande kilikuwa na mtu mmoja wa chama aliyejua nani anakaa nyumba ipi, nani mgonjwa, nani amehama. Mwaka 1952 seneta Estes Kefauver wa Tennessee alizunguka vijiji na miji ya New Hampshire wakati wa baridi akisalimia watu mmoja mmoja, akitaja jina lake na kuwaomba wamsaidie. Tarehe 11 Machi, katika kura ya ndani ya chama chao ya kumteua mgombea urais, akamshinda Harry Truman, rais aliyekuwa kwenye kiti, kwa kura zake zisizofika 20,000. Siku 18 baadaye Truman alitangaza kwamba hatagombea tena. Jimbo zima, kura 20,000! Kwa hesabu za namna hiyo, avenyu moja ya komini ya Kenya au ya Rwashi si kitu cha kudharau.

Siku ni 15 tu

Mwaka 2023 kampeni ya ngazi ya komini ilifunguliwa tarehe 4 Desemba ikafungwa tarehe 18, kura ikapigwa tarehe 20. Kuomba kura kabla ya kufunguliwa ni kosa mbele ya sheria, na wapinzani wako wanakusubiri ulifanye. Lakini kuchora ramani, kukata kadi, kutafuta watembeaji wa mlango kwa mlango na kuwafundisha si kuomba kura. Miezi miwili ya kazi hiyo ifanyike kimya. Anayeanza kutafuta watembeaji siku ya ufunguzi amekwisha kupoteza juma moja kati ya mawili.

Na jambo moja la hesabu ambalo wagombea wengi wapya hawalijui: kura yako inahesabiwa kwanza kwa orodha ya chama au muungano wako, na orodha isiyofikisha asilimia 10 ya kura halali za komini haigawiwi kiti, hata kama wewe binafsi umepata kura nyingi. Kwa hiyo mwenzako wa orodha moja anayetafuta kura kartie ya pili si adui. Kaeni mapema, mgawane avenyu. Wagombea wawili wa orodha moja wakigombania avenyu ileile, kazi yao jioni ni kuhamisha kura kutoka mfuko mmoja wa suruali kwenda mwingine.

Ramani

Usitumie ramani ya simu peke yake. Nyingi haina namba za parseli (viwanja vya nyumba), na parseli zilizokatwa mara mbili au tatu (zile za “bis”) hazionekani. Tembea avenyu na daftari, upande mmoja kwanza, kisha ule wa pili, uandike namba kama zilivyo kwenye mlango. Ambapo hakuna namba, andika alama: lango la bluu, mti wa avoka, duka la unga. Nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita ni karatasi nzuri ya kuchorea, kubwa na ngumu. Weka alama kwenye foraji (visima vya kuchimbwa) na bomba za maji, makanisa, shule zitakazokuwa vituo vya kura, na kichwa cha taksibasi.

Parseli moja haina nyumba moja. Mbele anakaa mwenyewe, nyuma kuna wapangaji watatu au wanne, kila mmoja na mlango wake. Mtembeaji mvivu anazungumza na mwenye parseli, anaandika “imekwisha”, anaondoka. Ameacha watu wazima sita nyuma ya nyumba, tena wapangaji ndio hawatembelewi na mtu yeyote.

Kadi

Rimu moja ya karatasi A4 ina karatasi 500. Kila karatasi ikikatwa mara nne unapata kadi 2,000. Chapisha fomu nne kwenye ukurasa mmoja, upeleke fotokopi, ukate kwa mashine yao. Makasi ya nyumbani yanatoa kadi zisizolingana na sanduku halipangiki.

Juu ya kadi: avenyu, namba ya parseli, mlango. Chini yake: majina ya watu wazima wenye kadi ya mpiga kura, na kwa kila mmoja alijiandikisha wapi. Hili la mwisho lisirukwe. Mtu amehama komini ya Kenya kwenda Kasapa, karte yake bado ni ya kituo cha zamani. Anakupenda kweli, na hawezi kukupigia. Kisha nafasi ya alama moja, kutoka 1 mpaka 5, tarehe, na herufi za mtembeaji. Theluthi ya chini itengwe kwa mstari wa nukta, na hapo iandikwe shida ya avenyu tu: taa, mtaro, takataka, maji. Hakuna jina chini ya mstari huo, hakuna alama. Sababu itaonekana mwishoni.

Kabila lisiandikwe mahali popote. Wala kwa herufi moja, wala kwa alama ya siri mnayoielewa wenyewe. Mji huu unakumbuka 1992 na 1993, watu wa Kasaï walipofukuzwa Katanga, na karatasi yenye majina, anwani na kabila ni kitu kibaya kikianguka barabarani.

Andika kwa penseli. Desemba ni mvua, na wino wa biki ukilowa unageuka wingu la bluu. Kila jozi ya watembeaji iwe na mfuko wa plastiki unaofungika.

Mlangoni

Watembee wawili wawili, mwanamke na mwanaume ikiwezekana, na angalau mmoja awe wa avenyu ile ile. Jozi ya wanaume wawili wageni jioni inafungiwa lango, na ni haki. Muda mzuri ni 15:30 mpaka 18:00, mvua ikiruhusu. Siku ya mawingu mazito anzeni 14:00. Kwa dakika saba kila mlango, pamoja na kutembea, jozi moja inamaliza milango 20 kwa jioni. Jozi kumi ni milango 200. Siku nane za mzunguko wa kwanza ni milango 1,600, na kadi 400 zinabaki kwa zile zilizoharibika na wapangaji mliowagundua njiani. Wafanyakazi wa zamu ya usiku kwenye migodi wanalala mchana: kunja kona ya kadi yao, mrudi Jumamosi asubuhi.

Mlangoni hamna hotuba. Mfano:

— Hodi!
— Karibu.
— Jambo mama. Miye ni Fulani, nakaa hapa tu ku avenyu ya nyuma, karibu na foraji. Huyu ni mwenzangu. Hatutakawia. Tuko napita juu ya kura ya komini. Tulitaka kwanza kusikia: ni kitu gani inawasumbua sana hapa?

Hapo mnyamaze. Mwenye kuuliza halafu akajibu mwenyewe amepoteza mlango. Mama akisema mtaro, andika mtaro mbele ya macho yake. Anayeona maneno yake yanaandikwa anaongea zaidi. Ndipo useme jina la mgombea, chama, namba yake, na uonyeshe picha, maana kwenye mashine ya kura ataitafuta sura hiyo na namba hiyo. Kazi ya mwisho ni kuomba, kwa maneno yaliyo wazi: “Mama, mutatusaidia?” Wengi wanaona haya kuomba. Wanaelezea dakika kumi, wanaaga, na mama anabaki akijiuliza walitaka nini.

Mzee akiwa ndani, asalimiwe kabla ya kijana aliyefungua lango. Msikae kwenye kiti kabla ya kukaribishwa, na mkikaribishwa bukari, shukuruni mseme mna milango kumi mbele. Mkila mara moja, mtakula kila mahali na jioni imekwisha.

Swali litakuja: “Na siye mutatuachia nini?” Kununua kura sheria inakataza, kwa pesa au kwa unga. Mkitoa kwa mmoja, habari inafika mwisho wa avenyu kabla yenu. Jibu ni fupi: “Mama, na siye hatulipwe kwa hii kazi. Tunaandika shida ya avenyu, na karatasi itafika ku komini.” Semeni hivyo mkitabasamu, kisha mwendelee na maswali ya kadi.

Alama, na kwa nini wengi wanazikosea

1 ni wetu kabisa. 2 anaegemea kwetu. 3 hajaamua. 4 anaegemea kwingine. 5 ni wa mwingine, na anasema wazi. Alama iandikwe baada ya kutoka langoni, hatua ishirini mbele, jozi ikikubaliana.

Hapa ndipo kampeni nyingi zinaharibika. Watu wetu wana adabu. Hawamwambii mgeni “hapana” kwenye lango lao. “Tuko pamoja, papa!” inasemwa kwa wagombea wote watano waliopita juma lile, na mtembeaji mpya anaandika 1 kila mlango. Sanduku likijaa 1 siku ya tatu, jua kwamba linadanganya. “Tutaona” ni 3. “Mungu akipenda” ni 3 pia, mara nyingine 4. “Tuko pamoja” ni 2, na inabaki 2 mpaka mtu afanye kitu: ataje majirani wawili wa kutembelewa, akubali kuita watu kwa chai, aseme atakaa shahidi wa chama kwenye biro ya kura. Aliyefanya kitu ndiye 1.

Wamarekani walilijua hili vizuri. John F. Kennedy alipogombea useneta wa Massachusetts mwaka 1952, sheria ilidai sahihi 2,500 tu ili jina liingie kwenye karatasi ya kura. Watu wake walikusanya zaidi ya 260,000. Kila sahihi ilikuwa jina la mtu aliyekwisha kufanya jambo dogo kwa ajili ya mgombea, na mtu wa namna hiyo anaweza kuombwa la pili.

Kila jioni baada ya jozi kurudi, mtu mmoja apange kadi kwa avenyu na ahesabu. Akiona jozi moja ina 1 nyingi kupita wenzao, ampeleke mtu wa tatu kwenye milango mitano ya jozi hiyo kesho yake, bila kuwaambia. Siku nne za mwisho ni za 2 na 3 peke yake. Milango ya 4 na 5 isirudiwe. Kubishana na 5 kunafurahisha kijana wa chama, na kunamwamsha mpinzani mapema siku ya kura.

Chai

Kampeni ile ile ya 1952 ilijulikana kwa karamu za chai: mama yake Kennedy na dada zake waliwaalika wanawake kwa maelfu, kwa kadi za mwaliko, wakawashika mkono mmoja mmoja. Alimshinda Henry Cabot Lodge kwa kura zaidi ya 70,000, mwaka ambao chama cha Lodge kilichukua urais. Hoteli za Boston hatuna haja nazo. Uani wa parseli unatosha.

Watu 12 mpaka 15. Wakipita 20 inageuka mkutano, na anayeongea ni yule mwenye sauti kubwa. Mwaliko utoke kwa mwenye nyumba, si kwa mgombea: mama wa likelemba (upatu), mwimbaji wa kwaya, mshonaji ambaye wateja wake ni avenyu nzima. Jumapili baada ya ibada au Jumamosi kuanzia 15:00. Sukari kilo moja, majani ya chai, maziwa ya unga, vitumbua 50. Joto likizidi, ndoo ya munkoyo. Vikombe viazimwe kwa majirani, maana jirani aliyeazima vikombe anakuja kuona vinatumika vipi. Kinywaji hiki ni ukarimu wa nyumba na kibaki hivyo. Mifuko ya unga mlangoni wakati wa kuaga ni jambo lingine kabisa.

Mgombea afike nusu saa baada ya wageni, si kabla, na si saa mbili baada. Asalimie kila mtu kwa mkono. Aongee dakika saba, akae chini, asikilize dakika thelathini akiandika mwenyewe. Kila mgeni aandike jina na avenyu kwenye daftari akiingia. Mwenye nyumba ndiye anayelipitisha. Kabla ya kuachana, aulizwe kila mmoja mbele ya wenzake: nani ataita chai ya kwake juma lijalo? Mikono miwili ikiinuka, chai imefaulu.

Kinachoharibu: bwana wa nyumba hakuambiwa, anarudi anakuta watu wageni uani. Mgombea anakuja na walinzi sita na vijana wa nyimbo. Anaahidi umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, ambao konseye hana mamlaka nao, na kuna fundi kati ya wageni anayelijua hilo. Ahidi kitu ambacho komini inakifanya: soko, usafi, mitaro ya avenyu, kodi ndogo za meza, na kumchagua bugumesta, mkuu wa komini, maana makonseye ndio wanaomchagua. Wengi waliopo watakuwa hawajui hilo la mwisho; lielezeni taratibu.

Siku ya kura

Usiku wa kuamkia, sanduku linapangwa upya: kadi za 1 na 2 peke yake, kwa kituo cha kura. Kila mkimbiaji anapewa majina yasiyozidi 30, ya avenyu moja, kwenye karatasi isiyo na alama wala jina la chama. Tisheti zibaki nyumbani. Kampeni imefungwa, na mtu anayeonekana anapiga kampeni karibu na biro anawapa wapinzani sababu ya kulalamika.

Biro zinafunguliwa 6:00 na kufungwa 17:00. Saa 6:00 mpaka 9:00 acheni watu waende wenyewe. Saa 9:00 mkimbiaji anapita mara ya kwanza: “Mama, mumekwisha kupiga kura?” Wino kwenye kidole unajibu. Aliyepiga anafutwa. Saa 12:00 mara ya pili, na sasa muulize kinachozuia. Mara nyingi ni mtoto, sufuria iliyo motoni, au mguu unaouma. Katika miji ya Marekani wanawake wa kampeni walikaa na watoto ili mama aende kupiga kura. Ni kazi nzuri kuliko bango lolote, na hapa inafanyika vilevile. Mzee asiyeona vizuri ana haki ya kusaidiwa na mpiga kura anayemchagua mwenyewe. Mjukuu wake aende naye, si mkimbiaji. Saa 15:00 mzunguko wa mwisho. Aliye kwenye mstari wakati wa kufunga asiondoke. Waambieni hivyo mapema, maana mvua ya saa kumi na tano inawatawanya watu na wengi hawarudi.

Mashahidi ni sura peke yake. Shahidi mmoja hawezi siku nzima na usiku: wekeni wawili kwa kila biro, wa pili apumzike mchana na aingie jioni kabla ya kuhesabu. Kila mmoja awe na akreditasyo yake (kibali cha shahidi), maji, mkate, tochi yenye betri mpya, na simu iliyochajiwa ambayo haikutumika kucheza muziki mchana. Asitoke kabla PV (karatasi rasmi ya matokeo ya biro) haijasainiwa na matokeo kubandikwa mlangoni. Aandike kwa maneno na kwa tarakimu: “mia moja na saba, 107”, kwa sababu 107 inageuka 187 kwa mstari mmoja wa biki.

Anayedhani hilo ni la Afrika asome habari za mji mdogo wa Alice, Texas. Agosti 1948 Lyndon Johnson na Coke Stevenson waligombania tiketi ya useneta, kura karibu milioni moja. Siku sita baada ya kura, sanduku namba 13 la Alice likatoa kura mpya zipatazo 200, karibu zote za Johnson. Majina kwenye orodha yalikuwa yamefuatana kwa alfabeti, wino mmoja, mwandiko mmoja. Johnson alishinda kwa kura 87. Baadaye akawa rais. Siku ya namna hiyo, kitu cha kuweka mezani ni nakala iliyosainiwa usiku ule ule wa kura.

Kwa hiyo picha ya PV na ya karatasi iliyobandikwa ipigwe papo hapo, mara tatu, itumwe kwa namba mbili tofauti. Mtandao ukikatika, shahidi anakili tarakimu kwenye daftari na kutembea nayo mpaka kwenye nyumba mliyopanga. Nyumba hiyo iwe na mtu macho, taa ya sola na jedwali lenye jina la kila biro. Biro isiyofika mpaka 23:00 inatumiwa mtu wa pikipiki.

Kadi baada ya hapo

Siku mbili za kwanza, jozi zipite tena kwenye milango ya 1 kushukuru, kushinda au kushindwa; dakika moja kila mlango. Kisha kaeni na makasi. Sehemu ya juu yenye majina na alama ichomwe moto mbele ya watu watatu, yote. Theluthi ya chini ikatwe kwenye mstari wa nukta, ipangwe kwa avenyu, ihesabiwe: avenyu hii mtaro mara 31, ile taa mara 18. Bunda hilo lifungwe kwa kamba na lipelekwe kwa aliyechaguliwa, hata kama ni wa orodha nyingine, na nakala ya hesabu ibaki kwa mama aliyeita chai ya kwanza.